Elimu ya Juu na Uchumi wa Maarifa: Njia za Kijana wa Mkange Kufikia Chuo na Kazi

Na Mwandishi Wetu

Kata ya Mkange ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Barabara ya Bagamoyo–Makurunge–Saadani–Pangani hadi Tanga, yenye urefu wa kilomita 256, inajengwa kwa lami kwa awamu, na mojawapo ya sehemu zake ni ile ya Tungamaa–Mkwaja–Mkange yenye kilomita 95.2. Barabara hiyo inafungua njia ya mazao, watalii na huduma za jamii. Kwa mzazi mwenye kijana aliyehitimu kidato cha nne au cha sita, inafungua pia swali jingine: kijana huyu aelekee wapi, asome nini, nani atamgharamia, na atakapohitimu elimu hiyo itampatia nini?

Swali hilo ni zito. Kaya inayotegemea shamba au mifugo hutoa sehemu kubwa ya akiba yake kumsomesha mtoto mmoja. Akirudi na cheti kisichompatia kazi wala ujuzi wa kujiajiri, hasara hubaki kwa familia nzima, na wadogo zake hupoteza imani na shule. Ndiyo maana mageuzi yanayoendelea katika elimu ya juu nchini yanamgusa mwananchi wa Mkange kama yanavyomgusa mhadhiri wa Mlimani. Makala hii inaeleza mageuzi hayo, sababu zake, yanavyoonekana katika ukanda wa Bagamoyo, na utaratibu ambao mwananchi anapaswa kuufahamu ili anufaike nayo.

MAANA YA UCHUMI WA MAARIFA

Uchumi wa maarifa ni uchumi ambao sehemu kubwa ya thamani ya bidhaa na huduma hutokana na ujuzi, utafiti, ubunifu na matumizi ya taarifa, kuliko wingi wa malighafi au nguvu za misuli. Wazo hilo lilianza kuandikwa kwa upana katika miaka ya 1960 na wanazuoni kama Fritz Machlup na Peter Drucker. Baadaye nchi kama Korea Kusini, zisizo na utajiri mkubwa wa madini, zilionesha kwa vitendo kwamba taifa linaweza kupanda kiuchumi kwa kuwekeza katika vichwa vya watu wake.

Maana yake si kwamba kilimo, uvuvi na ufugaji vinaachwa. Mkulima anayepima udongo kabla ya kununua mbolea, mvuvi anayehifadhi samaki kwa kiwango kinachokubalika sokoni na mfugaji anayetambua ugonjwa wa mifugo mapema, wote wanatumia maarifa kuongeza thamani ya kazi ileile waliyorithi kwa wazee wao. Tofauti ni kwamba maarifa hayo huzalishwa, hupimwa na hufundishwa mahali fulani, na mahali hapo kwa kiasi kikubwa ni vyuo na taasisi za utafiti.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 iliweka miongoni mwa shabaha zake ujenzi wa jamii iliyoelimika vyema na inayopenda kujifunza, pamoja na uchumi wenye uwezo wa kushindana. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa jijini Dodoma mwezi Julai 2025, imeendeleza msingi huo kwa kuweka sayansi, teknolojia na rasilimali watu katika kiini cha safari ya maendeleo ya nchi.

SAFARI YA ELIMU YA JUU NCHINI

Elimu ya chuo kikuu nchini ilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilipofunguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Lengo la wakati ule lilikuwa bayana: kuandaa maofisa, walimu, wanasheria na wahandisi wa kuendesha taifa jipya. Mhitimu alisubiriwa na kazi serikalini au katika mashirika ya umma.

Mwaka 1984 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994 kwa njia ya masafa. Katika miaka ya 1990 sekta binafsi na taasisi za dini ziliruhusiwa kuanzisha vyuo vikuu. Mwaka 2005 ilianza kazi Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), yenye jukumu la kuvitambua vyuo, kusimamia ubora na kuratibu udahili. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza kutoa mikopo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifuata mwaka 2007.

Upanuzi huo uliongeza nafasi za masomo kwa kiwango ambacho kizazi cha kwanza cha Uhuru hakikukiona. Hata hivyo, uliibua pia hoja mpya. Idadi ya wahitimu ilipoongezeka, ajira za serikalini hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na waajiri wakaanza kulalamika kwamba wahitimu wanajua nadharia lakini hawajui kazi. Utafiti uliohusishwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2014, ulieleza kwamba katika nchi tano za Jumuiya wakati huo, zaidi ya nusu ya wahitimu walionekana mbele ya waajiri kuwa hawajaandaliwa ipasavyo kwa soko la ajira. Hoja hiyo ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya mageuzi ya sasa.

MRADI WA HEET NA MITAALA MIPYA

Mkakati mkubwa zaidi wa kujibu hoja hiyo ni Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaofahamika kwa kifupi HEET. Mradi huo unatekelezwa na Serikali kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, na ulipangwa kutekelezwa kwa miaka mitano.

Majengo ni sehemu moja tu ya mradi. Unajenga madarasa, maabara na mabweni, lakini pia unasomesha wahadhiri katika shahada za uzamili na uzamivu, unaimarisha miundombinu ya TEHAMA, na unavitaka vyuo vipitie upya mitaala yake. Katika kazi hiyo ya mwisho, vyuo vimeunda kamati za ushauri zinazowakutanisha wahadhiri na wawakilishi wa viwanda, mashirika na waajiri. Mwajiri anaulizwa kabla ya mtaala kuandikwa, badala ya kulalamika baada ya mhitimu kufika mlangoni kwake.

Mabadiliko ya mitaala yanaonekana katika mambo matatu. Kwanza, mafunzo kwa vitendo yamepewa muda na uzito zaidi. Pili, ujasiriamali, mawasiliano na matumizi ya kompyuta vinafundishwa hata kwa wanafunzi wa fani zisizo za biashara. Tatu, zimeanzishwa programu mpya zinazolenga maeneo yanayokua, yakiwemo sayansi ya takwimu, usalama wa mitandao, mafuta na gesi, na akili unde. Mwaka 2023 tawi la chuo cha teknolojia cha India, IIT Madras, lilianza kufundisha Zanzibar likiwa na shahada ya sayansi ya takwimu na akili unde, likiwa tawi la kwanza la vyuo vya IIT kufunguliwa nje ya India.

Sambamba na hayo, mageuzi yamegusa ngazi za chini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi na kufungua mikondo miwili ya elimu ya sekondari, wa jumla na wa amali. Utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ulianza Januari 2024. Mwanafunzi wa mkondo wa amali anahitimu akiwa na ujuzi wa fani, na bado ana njia ya kuendelea hadi elimu ya juu.

KAMPASI KUSOGEA KARIBU NA WANANCHI

Kwa miongo kadhaa, kijana wa pwani ya kaskazini aliyetaka chuo kikuu alielekea Dar es Salaam au Morogoro. Kupitia HEET, vyuo vya umma vinajenga kampasi katika mikoa ambayo haikuwa na chuo kikuu cha umma au ilikuwa na huduma hafifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga Kagera na Lindi, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinajenga Kigoma, Chuo Kikuu cha Dodoma kinajenga Njombe, na Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi wilayani Mkinga, mkoani Tanga.

Kampasi ya Mkinga ina maana ya pekee kwa wakazi wa Mkange. Ipo upande wa pili wa ukanda uleule wa pwani ambao barabara ya Bagamoyo hadi Tanga inauunganisha. Barabara na kampasi zikikamilika, mwanafunzi wa Mkange atakuwa na vyuo vya kuchagua kusini na kaskazini mwa kijiji chake, bila kulazimika kuzunguka kwa barabara kuu ya Chalinze na Segera.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba ukaribu wa chuo haupimwi kwa kilomita peke yake. Nyaya za mawasiliano za baharini zilizofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, zimewezesha maktaba na mihadhara kufika mbali na majengo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo katika mikoa yote, kimejengwa juu ya msingi huo: mwalimu wa shule ya msingi, ofisa ugani au mtendaji wa kijiji anaweza kusoma shahada bila kuacha kituo chake cha kazi.

USHAHIDI WA BAGAMOYO: CHANJO YA MALARIA

Wapo wananchi wanaodhani kwamba uchumi wa maarifa ni jambo la miji mikubwa ya ng'ambo. Wilaya ya Bagamoyo yenyewe inatoa ushahidi tofauti.

Mjini Bagamoyo ipo kampasi ya Taasisi ya Afya Ifakara, ambako kwa miaka mingi yamefanyika majaribio ya chanjo za malaria. Mwaka 2009 Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoshiriki jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya RTS,S. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika, ikiwa chanjo ya kwanza ya malaria kufikia hatua hiyo. Bagamoyo ilishiriki pia katika jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa na shirika hilo Oktoba 2023.

Nyuma ya mafanikio hayo wapo watoto na wazazi wa vijiji vya Bagamoyo waliokubali kushiriki, na wapo pia wataalamu wa Kitanzania. Jaribio la chanjo linahitaji daktari na muuguzi, lakini linahitaji vilevile mtaalamu wa maabara anayesoma damu kwa darubini, mtunza kumbukumbu anayeingiza takwimu bila kukosea, mwanatakwimu anayezichambua, fundi wa majokofu, dereva, na mfanyakazi wa jamii anayeweza kumweleza mzazi kwa Kiswahili fasaha haki yake ya kukubali au kukataa. Hizo zote ni ajira, na kila moja inahitaji mafunzo ya kiwango fulani. Wataalamu hao wasingekuwepo, kazi hiyo ingefanyika nchi nyingine, na ajira na ujuzi vingekwenda huko.

USHAHIDI WA BAHARINI: MWANI

Mfano wa pili unatoka baharini. Kilimo cha mwani katika pwani ya Tanzania hakikuanza kwa bahati. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti kuhusu mwani wa bahari yetu na uwezekano wa kuulima. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kikaenea hadi upande wa Bara, ikiwemo Mlingotini wilayani Bagamoyo. Leo mwani ni chanzo cha kipato kwa maelfu ya kaya za pwani, wengi wa wakulima wake wakiwa wanawake.

Aina mbili ndizo zinazolimwa zaidi, na wakulima huziita spinosumu na kotonii. Kotonii ina bei kubwa zaidi, lakini hufa kirahisi maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar tangu mwaka 1978, wamekuwa wakifanya kazi na wakulima kujaribu njia za kulima katika maji ya kina kirefu, pamoja na kutengeneza sabuni, unga na bidhaa nyingine badala ya kuuza mwani mkavu pekee.

Somo la kiuchumi lililomo humo ni kubwa. Mwani mkavu huuzwa kwa kilo kwa bei ndogo. Unapofika viwandani nje ya nchi, hutolewa kiini chake kinachotumika kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi, ambavyo baadhi hurudi katika maduka yetu kwa bei mara nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya mzigo unaoondoka na bidhaa inayorudi ni thamani ya maarifa. Chuo kinachomwezesha kijana wa pwani kuifahamu kemia ya mwani, vifungashio, viwango vya ubora na masoko, kinaisaidia nchi kubaki na sehemu kubwa zaidi ya thamani hiyo.

Mifano ya namna hii ipo pia mikoani. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la maji la teknolojia ya chembe nano, ambalo mwaka 2015 lilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na taasisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na panya hao wamepelekwa kufanya kazi katika nchi nyingine za Afrika na Asia.

VYUO VILIVYO JIRANI

Si kila kazi ya uchumi wa maarifa inadai shahada. Wilaya ya Bagamoyo ina taasisi ambazo kijana wa Mkange anaweza kuzifikia bila kuvuka mipaka ya wilaya yake.

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kuwa wakala wa Serikali mwaka 2007, inafundisha muziki, ngoma, maigizo, sanaa za ufundi pamoja na uzalishaji wa picha na sauti. Katika zama ambazo filamu na muziki vinauzwa kupitia intaneti, sanaa imekuwa sehemu ya uchumi wa maarifa, na mwenye kujua kurekodi, kuhariri na kulinda hakimiliki hupata zaidi ya mwenye kipaji pekee.

Kampasi ya Mbegani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) inafundisha uvuvi, ukuzaji viumbe maji na uchakataji wa mazao ya bahari. Hizi ni fani zinazobeba ajenda ya uchumi wa buluu. Vilevile, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), wenye makao yake Bagamoyo, unawaandaa walimu wakuu na viongozi wa elimu wanaosimamia shule ambako wanafunzi wa vyuo vya kesho wanaandaliwa.

NJIA ZA KUJIUNGA

Mwananchi anapaswa kufahamu kwamba zipo njia zaidi ya moja za kufika elimu ya juu.

Njia ya kwanza ni kidato cha sita. Kwa kawaida mwombaji wa shahada ya kwanza anatakiwa awe na ufaulu wa angalau masomo mawili ya msingi yenye jumla ya alama 4.0, ambapo A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Programu nyingi huweka masharti ya ziada, hasa za afya na uhandisi. Hivyo mwombaji asome Mwongozo wa Udahili wa TCU kabla ya kuchagua.

Njia ya pili ni vyuo vya kati vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Mhitimu wa kidato cha nne anaweza kuanzia astashahada, akapanda hadi stashahada, na akiwa na ufaulu unaotakiwa akaomba shahada. Njia hii huchukua muda mrefu zaidi, lakini ina faida moja kubwa: katika kila ngazi mwanafunzi anatoka na cheti na ujuzi unaoweza kumpatia kazi, hata kama masomo yatasimama kwa sababu ya fedha.

Njia ya tatu ni Chuo Kikuu Huria, kwa programu ya msingi inayomwandaa asiyekidhi sifa za moja kwa moja, pamoja na utaratibu wa kutambua maarifa na ujuzi ambao mtu ameupata kazini.

Maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja katika vyuo, hayapelekwi TCU. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Wapo vijana wanaopoteza nafasi kwa kushindwa kuthibitisha tu, na wapo wanaolipa fedha kwa watu wanaojiita mawakala. Ni muhimu mwananchi ahakikishe kwamba chuo na programu anayoiomba vimetambuliwa na TCU au NACTVET kabla ya kulipa chochote.

UGHARAMIAJI

Ufadhili wa Serikali upo katika sura mbili kuu. Ya kwanza ni mikopo ya HESLB, inayotolewa kwa wanafunzi wahitaji wa shahada, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 imehusisha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao kila mwaka dirisha linapofunguliwa. Mwombaji huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA kwa Tanzania Bara, au na mamlaka husika kwa Zanzibar. Huhitaji pia mdhamini na saini ya uongozi wa serikali ya kijiji au mtaa. Yatima huambatisha vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa.

Hapa ndipo kijiji kinapokuwa na wajibu. Mtoto ambaye hakuandikishwa alipozaliwa, au ambaye jina la cheti chake cha kuzaliwa linatofautiana na la cheti cha shule, hukwama wakati dirisha liko wazi kwa wiki chache tu. Mzazi anayefuatilia cheti mtoto akiwa darasa la kwanza anamwondolea kikwazo cha miaka kumi na miwili ijayo.

Mkopo ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, hatua iliyowapunguzia mzigo wanufaika. Marejesho hayo ndiyo yanayosaidia kumkopesha mwanafunzi anayefuata.

Sura ya pili ni Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa kutengewa shilingi bilioni 3, unaowalenga wahitimu wa kidato cha sita wenye ufaulu wa juu zaidi katika masomo ya sayansi. Mnufaika husoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au elimu tiba, na fedha hizo hazirejeshwi.

MAMBO YANAYOHITAJI KUSIMAMIWA

Mageuzi haya yana mambo ambayo hayana budi kusimamiwa kwa karibu. La kwanza ni msingi wa sekondari. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia au maabara haiwezi kumtoa mwanafunzi wa sayansi, na kampasi mpya haitajaa kwa wanafunzi wa pwani iwapo shule za pwani hazitawaandaa. La pili ni mafunzo kwa vitendo: viwanda na ofisi visipopokea wanafunzi na kuwapa kazi halisi, mtaala mpya utabaki karatasi. La tatu ni utafiti. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, na kufikia kiwango hicho kunahitaji mchango wa Serikali na sekta binafsi kwa pamoja. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina jukumu la kuratibu eneo hilo, na mashindano ya kitaifa ya ubunifu ya MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, yamekuwa jukwaa la kuwaibua wabunifu, wakiwemo wasio na elimu ya chuo.

La nne ni matokeo kurudi kwa wananchi. Kijiji kinachompokea mtafiti, kujibu maswali yake na kutoa sampuli, kinastahili kuelezwa alichokigundua, kwa lugha ambayo wanakijiji wanaielewa. Kiswahili kina nafasi hapa ambayo hakuna lugha nyingine inayoweza kuichukua.

WAJIBU WA MWANANCHI

Mzazi wa Mkange anaweza kuanza na hatua nne. Ahakikishe mtoto ana cheti cha kuzaliwa chenye majina sahihi. Afuatilie masomo ya hisabati na sayansi tangu kidato cha kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayofungua au kufunga milango mingi baadaye. Azungumze na mtoto na walimu wake kuhusu njia zote, ya shahada, ya vyuo vya kati na ya amali, bila kuidharau yoyote. Na afuatilie matangazo ya TCU, NACTVET na HESLB kupitia tovuti na vyanzo rasmi vya taasisi hizo, badala ya taarifa zinazosambaa bila chanzo katika simu.

Kwa upande wake, kijana anayechagua chuo ajiulize maswali ambayo mwajiri atamuuliza baada ya miaka mitatu au minne: umejifunza kufanya nini, umekifanyia wapi, na nani ameona kazi yako? Chuo kinachomsaidia kuyajibu maswali hayo ndicho kinachostahili fedha za wazazi wake na mkopo wa taifa. Wahenga walisema elimu ni bahari. Kwa wakazi wa pwani usemi huo una maana ya ziada, kwa kuwa wao wanajua kwamba bahari humlisha aliyejifunza kuivua.